Kupanda Kilimanjaro: nunua siku kabla ya kununua buti

Nilianza mlimani nikiwa mgumu, ndivyo tunavyoitana sisi wapagazi, na mzigo kichwani. Baadaye nikapata leseni ya kuongoza. Kila mwaka Desemba 9 ikikaribia simu yangu haipoi: ni Watanzania wenzangu wanaotaka kuadhimisha Uhuru wakiwa kileleni. Swali la kwanza huwa lile lile: "Kaka, siku chache kabisa ni ngapi?" Safari nyingi huharibikia hapo, mtu hajafika hata getini.

Hatua ya 1: Hesabu usiku utakaolala juu

Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Hewa ya kule ina oksijeni kwa asilimia ile ile ya Dar es Salaam, kama 21, lakini mgandamizo wake umeshuka hadi karibu nusu. Yaani kila ukivuta pumzi unapata kama nusu ya ulichozoea. Mwili huzoea, ila huzoea usiku baada ya usiku, na hakuna mazoezi ya gym yanayouharakisha.

Kanuni inayotumika duniani kote ni kwamba ukishapita mita 3,000, kituo cha kulala kesho kisizidi cha leo kwa zaidi ya mita 500 hivi. Sasa itazame njia ya Marangu ya siku tano: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, na usiku huohuo unaamshwa kwenda kileleni. Mita elfu kila siku! Wapo wanaofika, sikatai. Lakini nimewashusha wengi kutoka Kibo wakiwa wanatapika, vijana wenye vifua vipana. Kama lazima iwe Marangu, lala Horombo mara mbili.

Ninayoipendekeza ni njia ya Machame ya siku saba, au Lemosho ya siku nane mfuko ukiruhusu. Siku ya tatu ya Machame unapanda hadi Lava Tower, mita 4,600 na kitu, unakula mchana kichwa kikigonga, kisha unashuka kulala Barranco, chini kidogo ya 4,000. Watu hununa: mbona tunapanda halafu tunashuka? Ndiyo dawa yenyewe: umeuonjesha mwili kimo cha juu, halafu unaupumzisha chini. Usiku unaofuata ni kambi ya Karanga, na huo ndio hukatwa ili safari iwe ya siku sita na bei ipungue, maana ada za hifadhi hutozwa kwa siku. Usikubali ukatwe. Afadhali uahirishe mpaka mwakani.

Kuhusu majira: Januari na Februari, au Juni hadi Oktoba. Machi hadi Mei ni masika, utatembea kwenye tope na kulala na nguo mbichi. Desemba ni bahati yako na vuli.

Hatua ya 2: Fundisha miguu kushuka

Anza miezi mitatu kabla. Kukimbia si lazima. Tembea kwa muda wa saa nne au tano Jumamosi ukiwa na begi la kilo sita hivi mgongoni, na Jumapili urudie ukiwa umechoka vilevile. Hiyo Jumapili ndiyo ya maana, kwa sababu mlima hauna siku moja. Ukikaa mjini, ngazi za jengo refu zinatosha, lakini usishuke kwa lifti. Siku ya kileleni utashuka kutoka 5,895 hadi kambi ya Mweka, karibu 3,100. Hapo ndipo magoti na kucha za vidole hulia. Kata kucha fupi kabla ya kuondoka.

Hatua ya 3: Muone daktari, na usimfiche kitu

Shinikizo la damu, pumu, moyo, mimba: mweleze. Kuna moja ambalo wageni wa Ulaya hawaulizwi sana lakini sisi linatuhusu, nalo ni selimundu. Mwenye ugonjwa huo asipande. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye nyumbani haumwi kabisa, apime na kuzungumza na daktari kwanza, kwani kwenye oksijeni haba wengu wake unaweza kudhurika. Muulize pia kuhusu asetazolamidi, dawa ya kusaidia mwili kuzoea kimo. Akikuandikia, ijaribu ukiwa nyumbani: itakupeleka msalani mara kwa mara na vidole vitakufa ganzi. Inasaidia, lakini haichukui nafasi ya zile siku.

Hatua ya 4: Pima begi kabla halijapimwa

Mgumu haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, vitu vyake vikiwemo. Lako basi lisizidi kilo 15 pamoja na begi la kulalia, na getini kuna mizani.

Koti la baridi na sweta la flisi tafuta mitumba, utapata vya maana kuliko dukani. Begi la kulalia na fito za kutembelea kodi Moshi. Buti usikodi. Ziwe zako, na ziwe zimekwisha kutembea kilomita nyingi, maana buti mpya getini ni malengelenge ukifika kambi ya Shira. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani, zikilowa jasho hazikauki. Glovu nzito, kofia ya kuziba masikio, taa ya kichwani na betri za akiba. Betri na simu lala navyo ndani ya begi la kulalia, baridi huzimaliza.

Hatua ya 5: Pole pole, na sema ukweli

Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuzungumza bila kuhema. Kunywa lita tatu hivi kwa siku, kula hata kama hamu imekwisha. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kichwa kikiuma huku unatapika na umelegea, hupandi tena mpaka upate nafuu. Mtu akishindwa kutembea mstari mnyoofu, kisigino kikigusa kidole, au akihema akiwa amekaa na kukohoa, anashuka saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Hatusubiri kukuche.

Niliwahi kuongoza kijana mcheza mpira aliyemeza vidonge vya kichwa siku mbili bila kuniambia, akiogopa kurudishwa. Nilijua alipoanza kufunga kamba za viatu na kushindwa. Tulimshusha wanne.

Hatua ya 6: Usiku wa kileleni

Mnatoka kambi ya Barafu, ya mwisho kwenye njia ya Machame, kama saa sita usiku. Ni mita 1,200 za kupanda kwenye changarawe na baridi ya kuganda. Chupa ya maji igeuze kichwa chini, barafu huanza juu na mdomo utabaki wazi. Mrija wa maji huganda, usiutegemee. Usiangalie juu, angalia visigino vya aliyeko mbele yako. Stella Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,756, watu hulia wakidhani wamemaliza. Bado kama saa moja, ila ule mteremko mkali umekwisha. Ukishindwa kuendelea hapo, cheti utapata, kimeandikwa Stella.

Uhuru piga picha, dakika kumi na tano zinatosha, kisha shuka. Na kesho yake usipange kikao ghorofa ya tatu. Utashuka ngazi kinyumenyume.