SOMO: Likizo ya wawili Split na visiwa vyake (Kroatia). Someni kabla ya kunifuata inboksi

Kila ikikaribia Juni inboksi inajaa swali lile lile: "Nataka nimpeleke mwenzangu Kroatia, nianzie wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamrushia kiungo tu.

Nazungumzia Split na visiwa vya Brač, Hvar na Vis, kwenye Bahari ya Adriatiki, ule mkono wa Mediterania unaoitenga Italia na Balkani. Dubrovnik muulizeni mwingine.

1. Viza. Tangu tarehe 1 Januari 2023 Kroatia imo Schengen (nchi za Ulaya zisizokaguana pasi mipakani) na inatumia euro. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani au Ufaransa anaingia nacho pamoja na pasi. Anayetoka nyumbani aombe viza ya Schengen, tena kwenye ubalozi wa nchi atakayolala siku nyingi zaidi. Ukikuta ukurasa unaotaja bei kwa "kuna", sarafu yao ya zamani, ufunge. Umepitwa na wakati.

2. Muda. Juni au Septemba. Agosti mtagombania kivuli.

3. Uwanja wa ndege hadi mjini: basi lipo. Bandari, stendi ya mabasi na stesheni ya treni viko pamoja, msipoteze hela ya teksi.

4. Split, siku mbili zinatosha. Mji wa kale umo ndani ya kasri alilojijengea Diokletiano, mfalme wa Roma, kwa ajili ya kustaafu, mwanzoni mwa karne ya 4. Watu wanaishi humo hadi leo, nguo zinaanikwa juu ya kuta za miaka 1700. Zungukeni alfajiri, kabla abiria wa meli za kitalii hawajashuka.

5. Boti. Hapa tulieni.

Kisiwa cha Hvar kina bandari zaidi ya moja. Kivuko kikubwa cha magari kutoka Split kinatia nanga Stari Grad, mwendo wa kama saa mbili. Boti ya mwendo kasi, ya abiria peke yao, inaingia Mji wa Hvar kwa takriban saa moja. Kati ya Stari Grad na Mji wa Hvar kuna kama kilomita 20 za barabara. Mimi niliona neno "Hvar" nikalipa, chumba chetu kiko Mji wa Hvar, tukashushwa Stari Grad na masanduku yetu, basi limeshajaa. Teksi ilitutoa jasho, na mwenzangu hakunisemesha mpaka asubuhi. Someni jina la BANDARI, siyo la kisiwa.

Tiketi ya boti ni ya safari hiyo hiyo na viti vinaisha, kwa hiyo majira ya joto nunueni mapema. Kivuko hakisumbui kwa mtembea kwa miguu, ila mwenye gari ajiandae kwa foleni.

Halafu kuna upepo. Bura unatoka kaskazini mashariki, jugo kusini mashariki. Mtu wa pwani aliyezoea kaskazi na kusi asijidanganye, hizi hazifuati miezi. Bura inaweza kushuka ghafla usiku na asubuhi boti zikafutwa. Boti ndogo husimama kwanza, kivuko kikubwa huvumilia zaidi. Kwa hiyo USIKU WA MWISHO KABLA YA NDEGE LALENI SPLIT. Nimeshuhudia watu wakilia gatini.

Na msidhani mtaruka kisiwa hadi kisiwa mnavyotaka. Safari nyingi zinaanzia Split na kurudi Split. Pangeni ratiba kwa kufuata boti, siyo boti kufuata ratiba.

6. Kisiwa kipi? Wapenda muziki na mashua za matajiri, Hvar. Wanaotaka ufukwe wa picha, Bol kule Brač, kwenye Zlatni Rat, ulimi wa kokoto ambao ncha yake hupinda kufuata mawimbi na upepo. Wawili wanaotaka kuachwa peke yao, Vis. Kilikuwa kambi ya jeshi la Yugoslavia, mgeni haruhusiwi kukanyaga hadi 1989, ndiyo maana hakikuvamiwa na mahoteli.

7. Viatu vya mpira vya kuogea. Chini ni mawe, na kuna wale wadudu weusi wa miiba.

MASWALI

Kijana_wa_Mbagala: Mkuu, bei ya jumla ya watu wawili ni ngapi?
— Kutoka wapi? Mwezi gani? Siku ngapi? Hata muuza nguo huulizwa saizi.

Mzee Baba: Boti ya Hvar inashusha wapi?
— Namba 5.

Mzee Baba: Nilisoma harakaharaka.
— Mimi pia siku ile nilisoma harakaharaka. Namba 5.

Bi Mkubwa wa Muscat: Sisi hatuli nguruwe wala hatugusi pombe. Tutakula nini?
— Karibu dada, swali zuri. Mtakula samaki mpaka mchoke. Ombeni "na gradele", yaani wa kuchoma kwenye makaa, kwa mafuta ya zeituni. Wali mweusi wa ngisi na brudet (mchuzi wa samaki) viulizieni kwanza, mara nyingi hutiwa mvinyo. Semeni "bez vina", bila mvinyo. Msikose pweza wa peka: anawekwa kwenye sinia na viazi, anafunikwa kawa la chuma, makaa yanapaliwa juu. Anaiva taratibu, hivyo agizeni asubuhi, na muulize kama wanamimina mvinyo humo pia. Samaki mzima huuzwa kwa kilo. Mwambieni ampime mbele yenu kabla hajamchoma.

Bi Mkubwa wa Muscat: Allah akulipe. Na lile Pango la Buluu?
— Liko kisiwa cha Biševo, mnatokea Komiža, upande wa magharibi wa Vis. Jua linaingia kupitia tundu lililo chini ya maji, ndiyo maana ndani kunang'aa. Mwanga mzuri ni kati ya saa tano na saa sita mchana. Mlango wa boti ulipasuliwa mwaka 1884, ni mfupi, mnainamisha vichwa. Kuogelea humo marufuku, na bahari ikichafuka hakuna safari. Wekeni siku ya akiba.

Mpemba_Halisi: Yaani mtu aache mchanga wa Zanzibar akalalie kokoto kwa euro?
— Hakuna aliyekuita. Kokoto hizo ndizo zinayaacha maji maangavu, hakuna mchanga wa kutibuka. Na wengine tunaishi huku, nauli ya Split ni nafuu kuliko ya Unguja.

Mpemba_Halisi: Sawa, nimekuelewa. Kichefuchefu cha boti je?
— Kaeni nyuma, usawa wa maji, siyo mbele wala ghorofani. Tafuneni tangawizi.

Neema_Wien: Naongezea, soko la samaki la Split liko kwenye chemchemi za salfa, wenyeji wanasema ndiyo sababu halina nzi. Harufu ya mayai viza mtakayoisikia ndiyo hiyo.
— Kweli kabisa. Nendeni asubuhi, mchana wanafunga.

Kijana_wa_Mbagala: Tunatoka Berlin, Septemba, siku nane.
— Haya, sasa tunaongea. Split mbili, Vis nne, Split moja ya mwisho, na moja ya akiba kwa upepo. Bei za boti angalia mwenyewe, hubadilika kwa msimu. Na mwenye nyumba atawaomba pasi awaandikishe, ni sheria, msianze kugombana naye.