Mjenzi amekiuka sharti la nyumba nafuu: mbishe mlango upi kwanza?

Kesi yetu ya kwanza ilikufa kabla hata hatujataja nyumba. Kibali cha ujenzi kilisema nyumba 24 kati ya 120 ziuzwe kwa bei nafuu kwa sisi wapangaji wa zamani wa kiwanja hicho. Mjenzi alipoanza kuzitangaza kwa bei ya soko, tukakimbilia Mahakama Kuu, maana makazi ni haki ya Katiba ya Kenya, Kifungu cha 43. Wakili wake akasimama na pingamizi la awali: Kifungu cha 165(5)(b) kinaizuia Mahakama Kuu kusikiliza mambo ya mazingira na matumizi ya ardhi. Tukatupwa nje, gharama juu yetu.

Nilikuwa katibu wa kikundi, kwa hiyo lawama zilinijia mimi. Ningekuwa naanza upya leo, hivi ndivyo ningefanya.

Ningeanza na kibali chenyewe, si tangazo la mauzo wala ahadi za mkutanoni. Omba nakala kaunti, usome masharti moja baada ya jingine. Sharti ambalo halikuandikwa halitekelezwi na mahakama yoyote. Waweza kuwa na mkataba au ahadi ya kudai, lakini hiyo ni kesi ya aina nyingine. Andika namba ya sharti na tarehe ya uamuzi pembeni ya daftari, utavihitaji kila mahali.

Kisha jiulize unamlalamikia nani. Kama hasira yako ni juu ya uamuzi wa kaunti, tuseme imepitisha mradi bila sharti la nyumba nafuu, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, kifungu cha 61, inakupeleka kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi (Liaison Committee), ambayo wengi huiita Liezoni. Una siku 14 tu tangu uamuzi utolewe. Ukishindwa huko ndipo unakata rufaa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kama uamuzi ni mzuri na mjenzi ndiye aliyeukiuka, kama ilivyokuwa kwetu, mwandikie waziri wa ardhi wa kaunti. Kifungu cha 72 cha sheria hiyohiyo kinampa mamlaka ya kumpa mjenzi notisi ya utekelezaji pale sharti la kibali lisipotimizwa. Taja namba ya sharti, ambatisha picha na tangazo la mauzo, andika wazi kwamba unaomba notisi ya utekelezaji. Peleka mkononi, nakala yako igongwe muhuri. (Sisi tulituma barua pepe. Hakuna aliyekubali kuiona.)

Kaunti ikinyamaza, sasa una kesi: mjenzi aliyevunja sharti, na ofisi ya umma iliyokataa kufanya kazi yake. Zote mbili zinaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyo na hadhi sawa na Mahakama Kuu na inayoweza kusikiliza pia hoja za haki za Katiba zinazohusu ardhi. Omba amri ya kuilazimisha kaunti itekeleze, na zuio la muda ili nyumba hizo zisiuzwe kesi ikiendelea. Hilo zuio liombwe siku ileile ya kufungua kesi. Nyumba ikishahamishiwa mnunuzi asiye na hatia, mambo yanakuwa magumu mno.

Ukilazimika kuruka Liezoni kwa sababu ya dharura, usiruke kimyakimya. Sheria ya Haki katika Utendaji wa Kiutawala ya 2015, kifungu cha 9(4), inaruhusu mahakama kukusamehe hatua hiyo, ila lazima uombe na ueleze kwa nini. Na ikiwa unapinga uamuzi juu ya leseni ya mazingira, si kibali cha ujenzi, angalia kwanza Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal), linalosikiliza rufaa za leseni hizo.

Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini hatukuomba tu faili lihamishwe kutoka Mahakama Kuu. Tuliuliza pia. Jibu lilikuwa kwamba kesi iliyofunguliwa mahali pasipo na mamlaka haina cha kuhamisha. Tulilipa ada upya.