Maamuzi Yapi Yabaki Mikononi Mwako: Mwongozo kwa Mwenye Biashara Anayetumia Akili Unde

Msimu mmoja wa kupanda, programu tunayoitumia kukadiria bidhaa ilinishauri niagize magunia machache ya mbolea ya DAP kwa tawi letu la Njoro, kwa kuwa mauzo ya msimu uliotangulia yalikuwa yameporomoka kuanzia wiki ya pili ya Aprili. Hesabu ilikuwa safi, nami nilikuwa nimekwisha kushika kalamu kutia sahihi, ndipo karani wetu wa kaunta, mama aliyeuza pembejeo miaka mingi kuniliko, akaniambia: "Bosi, mauzo hayakushuka. Mbolea iliisha. Watu walikuwa wanakuja wanakuta hakuna, wanaenda kwa jirani." Programu ilikuwa imesoma risiti, na mteja anayeondoka mikono mitupu haandikiwi risiti.

Mwongozo huu ni wa mwenye biashara wa kiwango changu, mwenye duka la pembejeo Nakuru na matawi mawili matatu ya nje ya mji, ambaye tayari anaitumia akili unde (AI) au yuko karibu kuanza. Simshauri aikatae. Ninachomshauri ni kwamba, kabla ya kuikabidhi kazi yoyote, aamue ni nani atakayejibu kazi hiyo ikiharibika, kwa sababu mashine hukokotoa vizuri sana lakini haiitwi ofisini kujieleza, haishtakiwi, wala haikutani na mteja mlangoni mwa kanisa siku ya Jumapili.

Anza kwa kuchukua daftari na kuandika maamuzi yote yanayofanywa dukani kwa wiki moja, hata yale yanayoonekana madogo: nani anaongezewa mkopo, bei inashushwa lini, bidhaa gani inaagizwa, malalamiko gani yanalipwa, zamu inapangwaje. Kisha ujiulize juu ya kila uamuzi: ukikosewa, ataumia nani, na itagharimu nini kuurekebisha? Katoni za chumvi ya ng'ombe zikizidi, zitakaa ghalani zikingoja wanunuzi, kwa hiyo agizo hilo unaweza kuiachia programu na kulipitia juu juu. Mkulima akiuziwa mbegu isiyofaa mwinuko wa Molo, atakuwa amepoteza msimu mzima, na huna namna ya kumrudishia mvua iliyokwisha kunyesha. Uamuzi wa aina hii uandikiwe jina la mtu kando yake. Jina la idara halitoshi, kwa maana idara haina simu mkononi mteja anapopiga akiwa na hasira.

Jambo la pili ndilo linalonigharimu muda mwingi zaidi, nalo ni kuuliza mashine haikuona nini. Programu za kukadiria mauzo hujifunza kutokana na kumbukumbu za nyuma na kudhani kwamba kesho itafanana na jana, isipokuwa mtu aiambie kuna kilichobadilika. Mnamo Septemba 2022 serikali ya Kenya ilishusha bei ya gunia la kilo 50 la mbolea ya ruzuku kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na Agosti 2023 ikaishusha tena hadi 2,500, mbolea hiyo ikiuzwa kupitia maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Hakuna risiti ya mwaka wa nyuma ambayo ingeweza kuitabiria programu jambo hilo, ilhali mtu yeyote aliyesikiliza taarifa ya habari redioni angelijua jioni hiyo hiyo na kusimamisha agizo lake kabla ya lori kupakia. Kwa upande wa wateja wanaokosa bidhaa, dawa yake ni ya bei ya daftari la shule: tangu kisa cha Njoro, kila kaunta yetu ina daftari la kurasa 96 ambamo karani huandika kilichoulizwa kikakosekana, tarehe, na kiasi. Kila Ijumaa jioni tarakimu hizo huingizwa kwenye programu pamoja na mauzo. Msimu uliofuata makadirio yalibadilika mno, na sifa hiyo siwezi kuipa programu peke yake.

Katika mali kauli, yaani bidhaa unazompa mteja kwa mkopo, tahadhari yako iwe kubwa zaidi. Mwuza rejareja mmoja wa Subukia, ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akilipa kila Jumatatu, alinyamaza wiki tatu, na mfumo ukampaka alama nyekundu na kupendekeza akatiwe bidhaa. Nilimpigia simu mwenyewe. Alikuwa nyumbani kwao Luanda, magharibi mwa Kenya, katika mazishi ya mama mkwe wake, na duka alikuwa amelifunga. Tukakubaliana kiasi atakacholeta akirudi, na akakileta. Hata hivyo, nisije nikaonekana kusema kwamba huruma ndiyo siri ya biashara, kwani mwezi huo huo mteja mwingine mwenye alama ya kijani aliondolewa kwenye orodha ya mali kauli kwa neno la mwendesha boda boda wetu, aliyeona rafu za duka lake zikihamishwa usiku. Mara zote mbili habari iliyoamua ilitoka nje ya kompyuta, mara moja ikimwokoa mteja na mara nyingine ikituokoa sisi.

Sheria nayo inakutaka uwepo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito, na ingawa kinataja hali ambazo uamuzi wa namna hiyo unaruhusiwa, kinakutaka umjulishe mhusika kwa maandishi, naye anaweza kudai uamuzi wake uangaliwe upya. Kwa hiyo weka mtu mwenye uwezo wa kweli wa kuubatilisha uamuzi wa mfumo. Nimeona maduka ambamo mtu huyo yupo kwa jina tu, na kazi yake ni kumsomea mteja kilichoandikwa kwenye skrini kwa sauti ya upole.

Kuhusu majibu ya WhatsApp yanayotolewa na programu, ni vyema ukumbuke kesi ya shirika la ndege la Air Canada iliyoamuliwa na baraza la usuluhishi la British Columbia mnamo Februari 2024. Programu ya majibu katika tovuti ya shirika ilimwambia abiria aliyefiwa na nyanya yake kwamba angeweza kuomba punguzo la nauli baada ya kusafiri, jambo ambalo halikuwa katika masharti ya shirika. Shirika lilijaribu kujitetea kana kwamba programu hiyo inajitegemea na kuwajibika kwa matendo yake yenyewe. Baraza lilikataa utetezi huo na kuliamuru limlipe abiria takribani dola 800 za Kanada. Basi andika mapema mambo ambayo programu yako haitaahidi kamwe: punguzo, mkopo, kurudishiwa pesa. Kwa duka la pembejeo ninaongeza mawili, yaani kipimo cha dawa ya kupe na idadi ya siku ambazo maziwa hayapaswi kuuzwa baada ya ng'ombe kutibiwa. Maswali hayo yaelekezwe kwa mtu aliyesomea, ambaye atasoma kibandiko cha chupa yenyewe. Kabla ya kuifungulia wateja, mpe karani wako mkongwe aandike maswali ishirini kama wateja wanavyoyaandika hasa, Kiswahili, Kikuyu na Kikalenjini vikiwa vimechanganywa katika sentensi moja bila nukta. Swali la "ng'ombe imekataa, nipewe ile ya juzi" lilijibiwa na programu yetu kwa adabu nyingi na kwa dawa isiyohusika. Karani, kwa upande wake, aliuliza kwanza: "Ya juzi gani, mzee?"

Kwa wafanyakazi, kanuni ni fupi. Usimwachishe mtu kazi kwa sababu mfumo umemweka mkiani. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakutaka umweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kutaka kumwachisha kwa utendaji duni au utovu wa nidhamu, na umsikilize akiwa na mwenzake aliyemchagua. Ukimsikiliza kweli, utagundua mara nyingine kwamba aliye mkiani kwa mauzo ndiye mnayempelekea wateja wote wenye malalamiko. Na programu mpya inapoletwa, waite watu mketi chini uwaambie kazi gani zitabadilika na zipi hujui bado. Kulitangaza jambo hilo kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku ni uoga, ingawa najua mameneja wengi wanaouita wepesi wa mawasiliano.

Kila unapoukataa ushauri wa programu, andika tarehe na sababu kwa sentensi moja, kisha mwisho wa msimu mlisome daftari hilo pamoja na wasimamizi wa matawi. Zoezi hili halifurahishi. Katika dawa za minyoo na vyakula vya kuku, nimejikuta nimeipinga programu kwa kiburi tu, nayo ikawa sahihi mara nyingi, hivyo sasa bidhaa hizo siziingilii. Katika mbegu na mbolea, ambako mvua na siasa huingia, karani akishirikiana na programu hukadiria vizuri kuliko mimi nikishirikiana nayo.

La mwisho, tenga siku moja kila mwezi ambapo tawi litaagiza bidhaa bila programu, kwa kalamu, kwa kuhesabu ghalani na kupiga simu kwa wateja, ili vijana walioajiriwa baada ya mfumo kuja wasije wakashindwa kufanya kazi siku stima ikipotea au mtandao ukikatika. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, kijana wa tawi la Molo alisahau kugawanya kwa kumi na mbili, akaagiza dawa ya baka chelewa, ule ugonjwa wa viazi, kwa katoni badala ya chupa. Zilijaa ghala, korido na nusu ya ofisi yangu. Tulipomaliza kuziuza, alikuwa amewapigia simu wakulima wa viazi wa kutoka Keringet hadi Elburgon, na leo anawajua wengi wao kwa majina ya watoto wao.