Kabla pesa haijakatika: maandalizi ya kabine ndogo ya meno Goma

Mwishoni mwa Januari 2025 benki za Goma, mashariki mwa Kongo, zilifunga milango. Mwezi huohuo Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake ya nje. Kwa kabine ya kiti kimoja, daktari mmoja na wasaidizi wawili, hayo yalikuwa mapigo mawili kwa mpigo: akiba ya benki haikushikika, na wagonjwa waliokuwa wakilipiwa na mashirika wakabaki bila mlipaji. Watu walivuka mpaka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, kutafuta noti. Miaka michache nyuma, Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka na mitaa mingi ikaamriwa kuhama. Mwenye kabine mjini hapa asiseme yamepita. Yanayoweza kumwokoa hufanywa katika miezi ambayo wagonjwa bado wanajaa barazani.

Kwanza, jua kabine yako inakula kiasi gani kwa siku. Tuseme nyumba ni dola 150 kwa mwezi, mishahara 450, umeme na mafuta ya jenereta 90, dawa na vifaa 210. Jumla 900. Ukigawa kwa siku 26 za kazi, ni karibu dola 35 kila siku, na wewe mwenyewe bado hujala. Ukiishika namba hiyo, utajua akiba uliyonayo ni ya siku ngapi. Mimi nashauri ifike miezi miwili, tena isilale mahali pamoja: nyingine benki, nyingine kwenye simu, nyingine noti mkononi. Noti za dola ziwe safi, maana hapa iliyochanika ukingoni inakataliwa hata siku ya amani. Franka ndogondogo za kurudisha chenji ziwepo pia. Likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, ni msaada mkubwa, lakini usiihesabu ndani ya akiba hiyo. Zamu yako inaweza kuangukia mwezi ambao wenzako wote hawana kitu.

Avansi ya meno ya bandia naiweka peke yake, kwa sababu hapo ndipo watu waaminifu huharibikiwa. Mgonjwa akilipa nusu, pesa hiyo si yako bado mpaka meno yakae mdomoni mwake. Iwe na bahasha yake na jina lake. Ukiilipia mishahara, fundi wa maabara hatapata chake, mgonjwa atabaki na pengo, na jirani zake wote watajua.

Mikataba na mashirika au kampuni ni mizuri, ila malipo yake huja baada ya kazi, kwa faktura ya mwisho wa mwezi. Jiulize: shirika moja likiondoka kesho, litaondoka na sehemu gani ya mapato yako? Ikizidi theluthi, anza leo kutafuta wagonjwa wa mtaani wanaolipa papo hapo, hata kama wanalipa kidogo. Faktura zisirundikane, ya mwezi huu ipelekwe mwezi huu.

Kisha amua mapema ni kazi gani zitaendelea umeme na mafuta vikikosekana. Hili ndilo ningependa kila daktari wa meno wa Goma alifanyie mazoezi kabla. Ipo njia ya kuziba jino lililooza bila mashine ya kutoboa: uozo unachokolewa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu linazibwa kwa glasi-ionoma, unga na maji yake vinavyochanganywa papo hapo. Njia hiyo ilianzia Tanzania katika miaka ya 1980, kwa ajili ya watu walioishi mbali na umeme. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka glasi-ionoma katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na floridi ya fedha, dawa ya kupaka inayosimamisha uozo. Floridi ya fedha huacha doa jeusi, hivyo mgonjwa aambiwe kabla ya kupakwa. Jino ambalo uozo umefika kwenye neva au lenye usaha halizibwi kwa njia hii, na mara nyingi litang'olewa. Kwa hiyo sindano za ganzi, glovu na koleo ndivyo vitu vya kwanza kununua na vya mwisho kukosa. Vifaa vya urembo na kung'arisha meno vingoje.

Usafi wa vyombo hauna njia ya mkato. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mvuke wa kuua vijidudu vyote unahitaji nyuzi 121 kwa dakika 15. Sufuria ya kawaida haifiki huko hata ikichemka mchana kutwa. Tafuta otoklavu, yaani chungu cha mvuke wa shinikizo, ya kuwekwa juu ya gesi au makaa, yenye geji, ujifunze kuitumia sasa. Kama haipo, ni heri kufunga siku hiyo.

Zungumza na mwenye nyumba wakati hudaiwi. Ile garanti uliyotoa ulipoingia inaweza kukulinda miezi kadhaa akikubali ikatwe kama kodi, na makubaliano hayo yaandikwe, yasainiwe. Msambazaji wa dawa naye umwombe muda wa kulipa ukiwa bado mteja mzuri. Mkopo wa kuweka kiti rehani siushauri kabisa: kikichukuliwa, huna tena cha kulipia deni lenyewe.

Diploma, vibali, risiti za mashine na daftari la wadaiwa vipigwe picha, nakala ikae kwa ndugu aliye mji mwingine.

Wasaidizi wako waonyeshe hesabu hizi kabla ya shida. Kubalianeni ni kiasi gani cha chini kila mmoja atapata kwa wiki mambo yakiharibika, kikianza na nauli na chakula cha nyumbani, na kinachobaki kiandikwe kama deni la kabine kwake. Aliyefichwa hali huondoka ghafla, tena mara nyingi ni yule anayewajua wagonjwa kwa majina. Siku ya malipo hayo madogo isisogezwe, hata ikibidi daktari ndiye akose.