Mpini wa Tezo: Namna ya Kukomaa Kiroho katika Njia ya Buddha

Katika mafundisho ya Buddha yaliyohifadhiwa kwa lugha ya Kipali umo mfano ambao fundi yeyote wa majahazi wa pwani yetu angeuelewa bila kufafanuliwa. Seremala akiutazama mpini wa tezo lake huona mahali ambapo vidole vyake vimeubonyeza mti hadi ukalika, lakini hawezi kusema leo umelika kiasi gani, na jana kiasi gani, na juzi kiasi gani. Anachokijua ni kwamba umelika. Ndivyo, anasema Buddha, uchafu wa moyo unavyokwisha kwa mtu anayejizoeza. Nimeanza na mfano huu kwa sababu wengi wetu tunaoishika njia hii hapa Dar es Salaam huutafuta ukomavu katika utulivu mtamu wa saa ya taamuli, ilhali mahali pa kuutazama ni kwenye mpini, yaani kwenye ulimi na mikono yetu mchana kutwa.

Kwa hiyo anza na mwenendo kabla ya taamuli. Mbuddha wa kawaida hushika kanuni tano: kutoua, kutochukua kisichotolewa, kujiepusha na uchafu wa zinaa, kutosema uongo, na kutotumia kileo. Zote zina uzito, lakini nashauri uanze na ile ya nne, kwa kuwa ndiyo tunayoivunja mara nyingi bila hata kuhisi kitu. Mtu anapigiwa simu akiwa bado chumbani kwake Mbezi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, naye anajibu kwa sauti ya mtu aliye safarini, "Nipo hapa Ubungo, foleni tu." Jiwekee mwezi mmoja wa kusema mahali ulipo kweli. Utaona namna neno la uongo linavyofika mdomoni kabla hujaliita, na utajifunza kuhusu hofu yako ya kulaumiwa mambo ambayo vitabu vingi visingekufundisha.

Buddha mwenyewe alianzia hapo alipomfundisha mwanawe Rahula. Aliacha maji kidogo chomboni, akamwonyesha, akamwambia kwamba utawa wa asiyeona haya kusema uongo kwa makusudi ni mdogo kama yale maji. Kisha akayamwaga, akakifudikiza chombo, akakiinua kitupu. Baada ya hapo akamuuliza kioo ni cha nini. "Cha kujitazamia," akajibu Rahula. Basi kila tendo la mwili, la ulimi na la moyo litazamwe vivyo hivyo: kabla ya kulitenda, wakati wa kulitenda, na baada ya kulitenda, kwa kuuliza kama litaniumiza mimi, au mwingine, au sote wawili. Mfalme Ashoka wa India, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyataja mafundisho haya kwa Rahula kwenye maandishi yake ya jiweni miongoni mwa yale aliyotaka watawa na waumini wayasikilize mara kwa mara, nami naamini hakukosea.

Kulifanyia kazi jambo hili kunahitaji daftari la kawaida na dakika kumi kabla ya kulala. Chagua tendo moja tu la siku hiyo. Wakati mmoja nilitoka kukaa katika taamuli dakika arobaini, nikapanda daladala moyo ukiwa mwepesi, konda akachelewa kunirudishia chenji ya shilingi mia nne, na kabla hatujafika Magomeni nilikuwa nimeshamwita mwizi mbele ya abiria. Chenji ilikuwa mkononi mwa abiria wa mbele yangu, ikisubiri kupokezwa nyuma. Usiku ule niliandika nilichokiona: koo lililokaza, masikio yaliyopata moto, na zaidi ya yote, ile raha fupi ya kuwa mwenye haki, iliyokuja kabla ya neno lenyewe. Raha ile ndiyo niliyopaswa kuijua tangu mwanzo. Buddha anafundisha kwamba mtu asiyejizoeza akichomwa na mshale mmoja hujichoma wa pili. Mshale wa kwanza wangu ulikuwa shilingi mia nne, na wa pili niliubeba hadi siku ya pili. Kwa kosa la mwili au la ulimi Rahula aliambiwa asiishie kujuta, bali aliungame kwa mwalimu au kwa mwenzake mwenye busara, nami nilimsimulia rafiki yangu mmoja mambo yote bila kujitetea. Na tendo likiwa jema, andika pia, ulifurahie. Sehemu hii huachwa na watu wengi, nao huishia kulichukia daftari.

Sasa taamuli. Kaa alfajiri, dakika ishirini zinatosha kwa mwanzo, mgongo wima, juu ya mkeka au kiti, ukiifuata pumzi inapoingia na inapotoka. Mbu ni wengi, na kanuni ya kwanza inakukataza kuwaua. Basi kaa ndani ya chandarua, ambacho kinakulinda na malaria na kinamlinda mbu na wewe. Adhana itasikika, pikipiki ya jirani itawashwa, umeme wa LUKU utakwisha na feni itasimama katikati ya joto la Februari. Usiviite vurugu. Sikia sauti kuwa sauti, joto kuwa joto, kisha irudie pumzi. Vizuizi vinavyokuja ni vile vile vitano vilivyotajwa tangu zamani, yaani tamaa, chuki, uzito wa usingizi, wasiwasi na shaka, na kazi yako ya kwanza ni kukitambua kila kimoja kwa jina lake kinapoingia, bila kukifukuza kwa hasira.

Wenye bidii kupita kiasi wamkumbuke mtawa Sona, ambaye alitembea katika taamuli hadi nyayo zikatoka damu, akakaribia kukata tamaa na kurudi nyumbani. Buddha, akijua kwamba Sona alikuwa mpigaji wa ala ya nyuzi, alimuuliza kama nyuzi zilizokazwa mno hulia vizuri, au zilizolegea mno. Aliyewahi kumtazama mpiga udi wa taarabu akizungusha vigingi, sikio lake likiwa karibu kabisa na kamba, anajua kiasi ninachokisema.

Usitembee peke yako. Mwanafunzi wake Ananda alipomwambia Buddha kwamba urafiki mwema ni nusu ya maisha haya matakatifu, alijibiwa kwamba ni yote. Katikati ya jiji letu kuna hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na watu waliotoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, nawe unaweza kwenda huko kukaa na wenzako na kuwauliza watawa. Ndugu zako wengine huenda ni Waislamu na Wakristo. Usiifanye njia yako kuwa sababu ya kujiona bora kuliko shangazi anayeamka kuswali. Buddha aliyafananisha mafundisho yake na chelezo cha kuvukia, akasema aliyevuka hakibebi kichwani, kama vile abiria anavyoshuka Kigamboni na kuiacha pantoni majini.

Lipo kosa moja linalofanana sana na ukomavu, nalo linanitia hofu kuliko yote. Buddhaghosa, mfafanuzi wa maandiko ya Kibuddha wa karne ya 5, aliandika kwamba adui wa karibu wa utulivu wa moyo ni kutojali kunakotokana na ujinga, kwa sababu vyote viwili havichunguzi kasoro wala wema. Jirani akifiwa, nawe ukabaki ndani ukisema kwamba vitu vyote ni vya kupita, hiyo ni baridi ya moyo iliyovishwa maneno ya dini. Nenda msibani. Kaa mkekani na wafiwa, toa rambirambi, teka maji, osha masufuria, rudi siku ya pili. Moyo ukihuzunika, uache uhuzunike huku ukiujua unavyohuzunika. Aliyekomaa analia pia, lakini machozi hayamzuii kuona nani hajala.

Baada ya mwaka utataka kujua kama mpini umelika. Usiulize umeona nuru gani katika taamuli. Muulize mtu ambaye una mamlaka juu yake, kama msaidizi wa nyumbani au kijana wa dukani kwako, kwa kuwa mbele yake ndipo hujizuii: je, hasira zangu siku hizi zinakaa muda gani ukilinganisha na zamani? Mwachie nafasi ya kusema bila kuogopa kazi yake, na akiinama akanyamaza, huo nao ni ushahidi. Jibu lake usilipinge wala usilifafanue. Liandike kwenye lile daftari pamoja na tarehe.