Jinsi ya kuomba refandi ya kodi KRA kabla miaka 5 haijaisha

Watu wengi Kenya wanajua ukikatwa kodi kupita kiasi KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) inafaa ikurudishie, chenye hawajui ni kwamba hiyo haki ina mwisho, na mwisho wenyewe hauko pale wanafikiria.

Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inakupa miaka 5 kuomba kodi ya mapato uliyolipa zaidi. Hiyo miaka inahesabiwa kutoka siku kodi ililipwa. Si siku ulifaili ritani (ile fomu ya kutangaza mapato na kodi yako ya mwaka), si siku uligundua umekatwa vibaya, na si mwisho wa mwaka. Sasa angalia: mwajiri anafaa kupeleka PAYE yako (kodi anayokata kwa mshahara) kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kwa hivyo ile ya mshahara wa Machi 2022 ilifika KRA Aprili 2022, ombi lake mwisho ni Aprili 2027, ya Aprili nayo inafuata mwezi ule mwingine, hivyo hivyo mpaka Desemba. Yaani pesa haipotei mwaka mzima kwa mpigo, inamegeka mwezi kwa mwezi, na yule anasema "aah, nitaomba Juni nikifaili zote pamoja" anafika Juni na miezi ya mwanzo ishaenda. Mimi nilipoteza karibu nusu mwaka hivyo, nikingoja P9 (fomu ya kuonyesha mshahara na kodi uliyokatwa mwaka huo) kwa mwajiri wa zamani ambaye kila wiki alikuwa ananiambia ni kesho.

Kabla uanze jiulize kama kweli ulilipa zaidi. Wenye hupata refandi ya maana ni wale walifanya kazi miezi michache tu kwa mwaka. PAYE hukatwa kila mwezi kama vile utalipwa hivyo mwaka mzima, lakini kodi yenyewe ni ya mwaka. Chukua mtu wa mshahara wa 60,000 aliyefanya kazi miezi 4 alafu akakaa nyumbani: tukiweka NSSF na makato mengine kando, alikatwa kama 10,383 kwa mwezi, jumla zaidi ya 41,000. Kwa mwaka alipata 240,000, na 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, kwa hivyo kodi yake ya mwaka ni 24,000 hata kabla hujatoa relifu, yaani punguzo la kodi. Hiyo tofauti ni yake.

Wengine ni wenye bima ya maisha au ya masomo ya watoto. Relifu ni asilimia 15 ya premiamu, isizidi 60,000 kwa mwaka, lakini kama hukupeleka cheti cha bima kwa watu wa payroli hakuna mtu atakukumbuka. Premiamu ya 5,000 kwa mwezi inakurudishia 9,000 kwa mwaka, si mbaya. Alafu kuna wale wa kazi za konsalti wanaokatwa kodi ya zuio (ile mteja anakata kabla akulipe) ya asilimia 5 kila invoisi na mwisho wa mwaka faida yenyewe ilikuwa kidogo.

Lakini kama ulikuwa na waajiri wawili wakati mmoja na wote walikupa relifu ya kibinafsi ya 2,400 kila mwezi, tulia kwanza, hapo huenda ni wewe unadaiwa.

Haya, kazi ianze. Tafuta P9 ya kila mwajiri wa mwaka huo, vyeti vya bima, na vyeti vya kodi ya zuio, hivi vya mwisho viko ndani ya iTax, mtandao wa KRA wa kodi. Alafu ingia iTax uangalie kama PAYE iliyo kwa P9 ndiyo ile mwajiri alipeleka kwa PIN yako (namba yako ya kodi). Usiruke hapa. Maombi mengi hukwama kwa sababu P9 inasema kitu kimoja na rekodi za KRA zinasema kingine, ama mwajiri aliandika PIN na digiti moja si yako, na wewe huwezi kurekebisha hiyo, ni yeye, na ukimpata baada ya miaka 4 kampuni yenyewe huenda ilishafungwa. Ndiyo maana nasema anza na miaka ya zamani, usianze na ya juzi ati kwa sababu makaratasi yako karibu.

Kisha faili ritani ya huo mwaka. Kama ulifaili na ukasahau bima, unaiamendi, kama hukufaili kabisa, faili sasa, faini ya mtu binafsi ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile kubwa, na bado inaweza kukufaa kulipa hiyo faini upate refandi iliyo kubwa kuliko hiyo. Ukimaliza ritani inafaa ionyeshe una salio lako. Watu hufurahi hapo wanafunga kompyuta. Ritani yenye salio bado si ombi, ingia menyu ya refandi, chagua kodi ya mapato, jaza mwaka na kiasi, weka makaratasi yako na akaunti ya benki yenye jina lako mwenyewe, alafu pakua ile risiti ya kukubali ombi uihifadhi. Tarehe iliyo kwa hiyo risiti ndiyo itakuokoa mtu akisema umechelewa.

KRA wanaweza kukuita uongeze stakabadhi, na kama una deni la kodi yoyote, hata zile faini za ritani ulizosahau, refandi inaweza kukatwa ilipe hilo deni kwanza. Kwa hivyo usishangae ikija kidogo.

Kitu cha mwisho na ningekiweka cha kwanza kama watu husoma mwanzo: angalia imeili iliyo kwa PIN yako. Wengi wetu PIN ilifunguliwa saiba, na yule kijana wa saiba akaweka imeili yake ama moja alitengeneza hapo hapo na pasiwadi haijulikani tena. Majibu ya KRA huenda huko. Wakikataa ombi lako una siku 30 tu baada ya kuarifiwa kukata rufaa kwa Mahakama ya Rufaa za Kodi (Tax Appeals Tribunal), na hizo siku hazitakungoja utafute yule kijana. Badilisha imeili kwanza, ndiyo utume ombi.