Somo: Kuwavuta wanaojitolea warekebishe kasoro kabla ya kuleta vipya

Habari zenu wanajamvi. Somo la leo ni la wanaoongoza miradi ya programu huria, ile ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya) uko wazi na wanaoijenga hawalipwi hata nauli.

Nianze na kisa. Tuna programu ndogo ya kutunza hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa. Kwa miezi minane ilikuwa na kasoro moja: ukimtafuta mwanachama mwenye jina kama Ng'wandu, skrini inabaki nyeupe. Ile ritifaa (alama ya ' ndani ya jina) iliichanganya hifadhidata, ikadhani jina limeishia hapo. Katika miezi hiyohiyo watu watatu waliniletea hali ya giza (skrini nyeusi badala ya nyeupe), kila mmoja na ya kwake. Mweka hazina wa kikundi kimoja Shinyanga alishakata tamaa, akawa anaandika "Ngwandu" ili mambo yaende.

Nilikasirika nikawaita wavivu, na nilikosea. Mtu anayekaa kwenye kompyuta saa nne usiku baada ya kazi ya mchana huchagua kazi yenye mwanzo, yenye mwisho na yenye jina lake. Kipengele kipya kina vyote vitatu. Kasoro haina hata kimoja mpaka wewe uipe.

Hatua ya 1: Iandike kasoro upya

Tiketi yetu, yaani taarifa ya kasoro kwenye orodha ya mradi, ilisomeka hivi: "Kutafuta hakufanyi kazi, saidieni." Nani ataigusa? Nikakaa nusu saa nikaiandika upya:

Fungua orodha ya wanachama. Andika Ng'w, bonyeza Tafuta. Tulitarajia majina, tunapata skrini nyeupe. Pa kuanzia: faili la utafutaji, pale jina linapobandikwa moja kwa moja ndani ya ombi la hifadhidata badala ya kupitishwa kama kigezo. Ukubwa: jioni moja.

Siku ya pili kijana wa chuo akaichukua. Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari miwili, na jaribio dogo la kuhakikisha kasoro hairudi. Miezi minane kwa mistari miwili!

LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, wanayo orodha ya kazi nyepesi kwa wageni, na ndani ya tiketi mgeni anaelekezwa sehemu ya msimbo pa kuanzia. Iga hapo. Na kazi ya kuandika tiketi upya usiione ya ukarani. Mpe mtu anayeitumia programu kila siku hata kama hajui kuandika msimbo. Kwetu anaifanya mhasibu, na ananishinda mbali.

Hatua ya 2: Funga mlango wa vipya kwa msimu

Kwenye kiini cha Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, kila mzunguko wa kuandaa toleo mwanzilishi wake Linus Torvalds hupokea vipya kwa wiki mbili tu. Baada ya hapo ni wiki saba hivi za marekebisho, na toleo la majaribio hutoka karibu kila Jumapili. Ukichelewa, subiri mzunguko ujao. Ninachokipenda ni kwamba hakuna anayeambiwa kazi yake mbaya. Anaambiwa msimu wake bado. Debian, mfumo uliojengwa juu ya Linux, nao hugandisha kila kitu kabla ya toleo kubwa, na toleo halitoki mpaka kasoro nzito zipungue. Hapo hata mwenye kipengele chake anaanza kuzishughulikia kasoro za wenzake, maana ndizo zinazomzibia njia.

Sisi tunafungua wiki nne, tunafunga mbili. Mara ya kwanza watu wawili waliondoka wamenuna. Mmoja alirudi.

Hatua ya 3: Taja majina

Katika viraka vya Linux, yaani mabadiliko ya msimbo yanayoletwa na wachangiaji, kuna mstari wa aliyeripoti kasoro na mstari wa aliyejaribu marekebisho, si wa mwandishi wa msimbo peke yake. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta, kwa miaka mingi aliwapa waliogundua makosa katika vitabu vyake hundi ya dola 2.56, na wengi hawakuzipeleka benki. Waliziweka ukutani.

Sisi hatuna hundi. Kwenye tangazo la toleo tunaanza na marekebisho, vipengele vinakaa chini. Na yule kijana nilimtumia ujumbe wa sauti wa mweka hazina wa Shinyanga, akisoma orodha ya wanachama wake majina kamili, Ng'wandu, Ng'walu, mmoja baada ya mwingine, huku anacheka. Tangu siku ile kijana ameshafunga tiketi kumi na moja.

Zawadi za vitu ziogope. Hacktoberfest ya 2020, shughuli ya kila Oktoba ya kuhimiza watu wachangie programu huria, ilitoa fulana kwa waliochangia, miradi ikafurikiwa na mabadiliko ya ovyo, mtu kaongeza neno moja kwenye maelezo. Waandaaji walilazimika kubadili kanuni wakiwa katikati ya shughuli, mradi ushirikishwe pale tu wenyewe wanapotaka.

Hatua ya 4: Jibu upesi

Siku mbili, zisizidi. Kiraka kikilala wiki tatu bila neno, aliyekileta hutamwona tena.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Morogoro:* Mkuu, asante kwa somo. Mradi wangu una watu watatu. Nikifunga mlango si watakimbia wote?

Jibu: Usifunge, ndugu yangu. Kwa watu watatu tumia mabadilishano: anayeleta kipengele anafunga kasoro moja kwanza. Na wewe kiongozi uwe wa kwanza kuonekana ukifanya hivyo.

*Mwanachama, Mombasa:* Kwani kipengele kipya kina ubaya gani? Watumiaji wenyewe ndio wanaoviomba.

Jibu: Hakina ubaya, ila huja na mizigo yake. Ile hitilafu ya Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mawasiliano mtandaoni, ilikuja na kipengele kipya kilichotolewa Machi 2012. Ilitangazwa Aprili 2014, baada ya miaka miwili ya seva nyingi mno kuwa wazi kwa wezi wa siri. Kipengele chenyewe wengi wala hawakukihitaji.

*Mwanachama, Eldoret:* Shikamoo mwalimu. Mimi bado najifunza. Kasoro naziona ngumu kuliko kitu kipya, maana lazima nisome msimbo wa mtu mwingine.

Jibu: Marahaba. Uko sahihi, na viongozi wengi hili hatulikubali. Jifunze amri ya bisect ndani ya Git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Unaionyesha toleo lililokuwa zima na toleo bovu, nayo inakata katikati, inakata tena. Kati ya mabadiliko 1,000 unamfikia mkosaji kwa majaribio kama kumi. Ukishajua badiliko lililoharibu, huna haja ya kusoma msimbo wote.

*Mwanachama, Mwanza:* Na hali ya giza iliishia wapi?

Jibu: Tulichukua moja kati ya zile tatu, itatoka toleo lijalo. Ila salio la mkopo linaandikwa jeusi juu ya jeusi, halionekani. Tiketi nimeshaiandika, ina picha na pa kuanzia. Jioni moja tu, kaka.